Kizingiti cha Mama Mwanvua

Zéphirin alirudi kutoka vitani Misri na masikio mapya. Huko hakufyatua hata risasi moja. Walimvika visikizio kichwani, wakampa fimbo ndefu yenye sahani bapa mwishoni, wakamfundisha kusikiliza mchanga. Penye bomu lililozikwa, mashini ililia. Aliporudi kwao Kasongo, watu walimwuliza habari za bahari na miji mikubwa. Yeye akawasimulia sauti.

Baadaye Mzungu mmoja aliyetafuta dhahabu upande wa Salamabila alipata mashini ya namna hiyo katika mabaki ya vita, akamwajiri Zéphirin aibebe. Kazi haikwenda. Udongo mwekundu wa huko Kabambare una chuma ndani yake, na mashini ililia kila mahali, kama mtoto mwenye homa. Mzungu akachoka, akafunga sanduku zake, akaenda kwao. Mashini akamwachia Zéphirin, pamoja na mawe machache ya betri ya kuiwasha.

Zéphirin akaipeleka kwenye msitu ulioota juu ya mji wa zamani, mji wa Waungwana, ule ulioungua wakati Wazungu na Waarabu walipopigana. Siku hizi ulikuwa jalala. Malori ya posti, makao ya serikali, yalimwaga humo mikebe ya sardini, chupa zilizovunjika, mabati yaliyoliwa na kutu, na miti ilikua katikati ya taka hizo bila kujali. Asubuhi, ukungu ukiwa bado haujapanda, ungemwona akitembea polepole, amefumba macho, sahani ikielea juu ya majani. Mikebe ililia kwa ukali. Msumari ulitoa mlio mfupi, kama kifaranga. Na mara moja moja, kutoka chini kabisa, ulikuja mlio laini, wa mviringo, na hapo moyo wake ulisimama. Hizo zilikuwa pesa za kale: za shaba zenye maandishi ya Kiarabu, au zile za mwanzo za Bulamatari, serikali ya Wazungu, zenye tundu katikati. Alizipangusa, akazitazama, akasahau kula.

“Mume wangu anaoa jalala,” mkewe Sidonie aliwaambia majirani. Lakini maji ya kuoga alimwekea kila jioni.

Mtu wa kwanza kumwuliza swali la maana alikuwa Mama Mwanvua, mwanamke Mwislamu mwenye umri mkubwa aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwao.

“Baba Zéphirin, hiyo kitu yako inasikia feza?”

“Inasikia, mama.”

“Basi unipeleke. Mimi nilizaliwa mule.”

Njiani akamweleza. Siku aliyozaliwa, baba yake alizika riyali ya feza chini ya kizingiti cha nyumba yao, riyali kubwa yenye picha ya mwanamke mwenye shela. Mtaa mzima ulijua. Baba alijivuna nayo barazani, wageni walivuka kizingiti kile kwa heshima. Kisha vita vikaja. Mwanvua alikuwa bado anang’oka meno ya utoto. Alikimbia mgongoni mwa mama yake, na paa zikiwaka nyuma yao. Baba hakuwafuata tena.

Walipofika, akasimama akitazama mikebe na vitambaa vilivyooza. Uso wake ukakunjamana. “Wametupia watu uchafu nyumbani,” alisema. Lakini ndani zaidi aliona milimau iliyoota mwituni, akachuma jani, akalisugua, akalinusa. Tangu hapo hakuuliza njia. Alipita kati ya miti akikata kona mahali pasipo na kona, akainua pindo la kitenge mahali pakavu kabisa.

“Hapa mufereji,” alisema. “Na hapa ni kwetu.”

Zéphirin akafumba macho. Mkebe. Mkebe tena. Akafukua, akatupa, akasikiliza upya. Mwishowe ukaja ule mlio laini, mbali, kama mtu anayeita kutoka ng’ambo ya mto. Hakuchimba. Alivua visikizio, akamvika Mama Mwanvua juu ya mtandio wake, akaipitisha sahani ya fimbo papo hapo taratibu.

Yule mama alishika kifua. Akasikiliza muda mrefu, midomo wazi, kama anayesikiliza mtu akimaliza maneno yake.

“Chimba,” alisema.

Chini ya taka kulikuwa na udongo mweusi, na chini ya udongo makaa ya nyumba iliyoungua. Katika makaa, karibu na jiwe lililolala sawasawa, Zéphirin akatoa kitu kidogo, akakitemea mate, akakisugua kwenye suruali. Haikuwa feza. Haikuwa na mwanamke wala shela. Ilikuwa pesa ya shaba, ile ndogo ya Unguja yenye picha ya mizani, pesa ya kununulia ndizi.

“Mama, labda iko ingine…”

Mama Mwanvua aliichukua, akaigeuza. Mabega yakaanza kutikisika. Zéphirin alidhani analia, kumbe anacheka, anacheka hata akaketi chini katikati ya mikebe.

“Baba yangu! Alidanganya mutaa muzima!” Akajipangusa macho kwa mtandio. “Hakuwa na kitu, maskini. Alikuwa na hii. Akanipa hii.”

Aliibana kiganjani njia nzima ya kurudi. Asani, fundi wa mabati, akamtobolea, na akaivaa mkononi kwa uzi mweusi. Aliyemwuliza alisimuliwa yote, pamoja na uongo.

Betri zilikufa kabla ya mvua, na katika maduka yote ya Kasongo hapakuwa na nyingine za aina ile. Sidonie alidhani mambo yamekwisha. Lakini asubuhi fulani fulani Mama Mwanvua alipiga hodi, na wawili hao wakaenda msituni mikono mitupu, yeye mbele.

“Usipite hapo, baba,” alimwambia, akimvuta mkono mbele ya kichaka. “Ni uani kwa watu.”

Na Zéphirin akazunguka.