Mbweha wa Mpakani kwa Mama Odeta

Sisi tuliokulia Masaka kabla lami haijafika, tukikutana leo mjini hatuulizani habari za kazi. Tunaulizana nani bado ana kiwanja kule, halafu tunaanza: unakumbuka mtama ulivyokuwa unatufunika mpaka kichwa, unakumbuka karere, ule mpira wetu wa magome ya mgomba, ukilowa mvua unakuwa mzito hadi unaumiza vidole? Watoto wa siku hizi wananunuliwa mpira wa dukani na bado wananuna kwamba hauna upepo wa kutosha. Haya, tuwaache na simu zao. Mimi leo nataka kuwakumbusha mbweha.

Najua wapo watakaobisha. Mbweha Kigali? Ndiyo, hapa hapa Kicukiro, bondeni kwetu Masaka, ambako leo kuna nyumba za vigae na mageti ya umeme. Familia yetu ilikuwa imerudi Rwanda ikitokea Karagwe, Tanzania, na ndiyo maana hadi leo nyumbani Kiswahili ndiyo lugha yetu ya kugombezana. Baba alikuja na ng'ombe wachache, redio yake, na mazoea yote ya ufugaji wa kule porini. Hakuna hata moja aliloliacha njiani.

Shuleni kitabu chetu kilikuwa na picha ya mbweha mwekundu mwenye mkia wa kufagilia, amesimama kwenye theluji. Baba alipoiona alicheka hadi akaweka kikombe chini. Alisema huyo ni wa nchi za baridi, huku hajawahi kukanyaga. Akatuelezea wa Afrika anaowajua: yupo mwenye mgongo mweusi, jeuri, anayenyang'anyana nyama na tai, yupo mdogo mwenye masikio makubwa kupita kichwa chake, anayesikiliza mchwa wakitembea chini ya udongo, na yupo huyu wetu, mbweha miraba, wa kijivu, mwenye mstari mweupe ubavuni na ncha ya mkia nyeupe. Majirani walimwita nyiramuhari. Huyu wa kwetu, baba alisema, ni mtu wa amani kidogo, anakula panya, panzi, matunda yaliyoanguka, na mzoga akibahatika. Anaoa mke mmoja na wanazeeka pamoja. Mama alikuwa anachambua maharagwe, akasema bila kuinua macho, "Umesikia, Baba Kamanzi? Mke mmoja." Baba akaongeza sauti ya redio.

Jua likizama ndipo mbweha walipokuwa wanaita. Mama yuko mlangoni na beseni, anatangaza kwamba asiyenawa miguu halali kwenye mkeka wake, na kule bondeni inaanza sauti: huu, moja, fupi, kama ya bundi aliyeshtushwa. Kimya. Halafu mwingine ng'ambo ya bonde anajibu. Mimi na kaka yangu Kamanzi tulikuwa tunasimama mguu mmoja majini, mwingine nje, vinyweleo vya mikono vimetusimama. Haikuwa hofu. Sijui niiteje hata leo, nilihisi kwamba bonde lile lilikuwa na wenyewe kabla yetu.

Sasa, baba alikuwa na desturi moja ya Karagwe. Ng'ombe akizaa, kondo la nyuma halizikwi wala halipewi mbwa. Linafungwa kwenye majani ya mgomba, linapelekwa mpakani mwa malisho na kuachwa pale, fungu la mbweha. "Mpe chake kule kule," alikuwa anasema, "asije kukitafuta zizini kwa ndama." Na kwa kweli, hatukuwahi kupoteza ndama.

Shida ni kwamba kule Karagwe mpaka wa malisho ulikuwa mbali, unatembea hadi unachoka. Masaka tulipewa kiwanja, siyo pori. Baba akafanya vile vile alivyozoea, akapeleka fungu la mbweha mpakani, na mpaka wetu ulikuwa ua wa jirani yetu, Mama Odeta. Nyuma ya ua ule ndipo kuku wake walipokuwa wanalala, juu ya mti wa parachichi na chini yake, ovyo ovyo, hawana hata banda. Kwa hiyo mzee wangu, kwa heshima zote, alikuwa anawaandalia mbweha chakula na kuwaonyesha kitoweo kingine hatua chache mbele. Nao wakaona wasihangaike kwenda na kurudi. Wakahamia. Kwenye kichuguu kikuukuu pale pale mpakani palikuwa na shimo la mhanga aliyehama zamani, mbweha jike akaingia humo na kuzaa.

Mimi na Kamanzi ndio tuliowaona watoto kwanza, tukichuma majani ya sungura. Walikuwa wamekusanyika mlangoni mwa shimo, rangi ya vumbi, wanang'atana masikio. Tulilala kifudifudi kwenye nyasi hadi siafu wakatufukuza. Tangu siku ile sikutaka kitu kingine duniani ila wale watoto wakue.

Kuku wa Mama Odeta wakaanza kupungua. Alikuja kwetu jioni moja, mama mnene, mcheshi siku zote, ila siku hiyo uso umekunjamana. Alikuwa anachanganya Kinyarwanda na Kiswahili chake cha sokoni ili baba asipate kisingizio.

"Mzee, nyamaswa yako iko nakula kuku yangu. Wewe ndiyo unaitaga. Kesho vijana wanakuja na pilipili na majani mukavu, tunaweka moshi."

Baba alikuwa mgeni pale mtaani, na mgeni anayefuga wanyama wa kula mali ya jirani hana pa kujitetea. Mwishowe akasema vijana wasisumbuke. Kosa ni lake, atalifunga lile shimo mwenyewe kwa mawe, asubuhi, mbweha wazazi wakiwa wamerudi ndani na watoto wao. Mama Odeta akasema sawa, lakini atakuja kuona kwa macho yake. Usiku huo sikula. Nilimwambia baba kwamba simpendi, na mama hakunigombeza.

Alfajiri ukungu ulikuwa umejaa bondeni. Baba alirundika mawe kimya kimya nyuma ya kichuguu, kisha wakajibanza na Mama Odeta kando ya mawe hayo, upande ambao upepo haupeleki harufu yao, wakisubiri dume arudi. Mimi na Kamanzi tulijikunyata nyuma yao, hakuna aliyetufukuza.

Jike alikuwa amelala mlangoni, amekonda, mbavu zinahesabika. Pembeni yake alikaa mbweha mwingine kijana. Baba alituambia kwa kunong'ona kwamba huyo ni mtoto wao wa uzao uliopita, amebaki kuwalea wadogo zake. Halafu kwenye ukungu akatokea dume, anakimbia ule mwendo wao mwepesi, kama miguu haigusi umande. Hakuwa na kitu mdomoni. Nikasikia Mama Odeta akiguna, amerudi mikono mitupu.

Watoto wakamvamia. Wakamlamba midomo, wanalia kwa sauti nyembamba, na yule baba yao akainamisha kichwa, tumbo likajikunja, akawatapikia chakula. Alikuwa amekibeba tumboni usiku kucha, njia yote ile. Wakala. Akaenda kwa jike, akatapika kilichobaki, hakujibakizia kitu, naye jike akala huku dume amesimama, anatazama tu, anapumua haraka. Katika kile chakula tuliona panya, tuliona mbegu za mapera, na tukaona fuko mzima, yule yule anayemaliza viazi vitamu ardhini hadi mtu anang'oa majani matupu. Kulikuwa na manyoya ya kuku pia. Siwezi kudanganya, yalikuwepo.

Sijawahi kuwa kimya vile kanisani wala msibani. Jua lilikuwa linapenya ukungu, na wale wanyama hawakujua kwamba tunapumua karibu nao hivyo, na mawe yako tayari. Nilimtazama baba. Mkono wake ulikuwa juu ya jiwe la kwanza lakini haukuwa unalinyanyua.

Mama Odeta ndiye aliyesema, polepole, macho hayajabanduka pale. "Huyu mwanaume anarudisha na ya tumboni. Mimi Baba Odeta wangu, hata sukari anasahau kuleta."

Baba akaanza kutikisika mabega, akajiziba mdomo. Mama Odeta naye akaanza kucheka, na machozi yanamtoka, na mbweha wakatusikia na kupotea ardhini mara moja. Tukabaki watu wazima wawili na watoto wawili tunacheka mbele ya tundu tupu.

"Mzee, rudisha mawe yako," akasema akijifuta na kitenge. "Lakini ile chakula yao, peleka huko chini kabisa. Mbali na kuku."

Wiki hiyo baba na Kamanzi wakamjengea banda la kuku lenye mlango. Fungu la mbweha likahamia chini kabisa, kando ya mafunjo, na kila ng'ombe alipozaa, kesho yake majani ya mgomba yalikutwa matupu. Wale watoto walikua, nao wakazaa. Mama Odeta akawa anawaita wakwe zake. Alikuwa anamsimulia kila mtu habari ya yule dume, hasa mume wake akiwepo.

Leo Mama Odeta anaishi Kibagabaga kwa binti yake, ghorofani, na mayai ananunua. Wanangu wanawajua mbweha wa dunia nzima, hata wa jangwani, hata wa kwenye barafu, wanawatazama kwenye kioo cha simu wakiwa wamelala chali, wanakula chipsi. Wananisahihisha majina. Lakini sijamwona hata mmoja wao akishikwa na ule ukimya ulionishika mimi nikiwa nimelala kwenye umande, na siwalaumu, ungewashika wapi?

Baba bado yuko Masaka. Ana ng'ombe mmoja wa kufungia ndani, na majirani ambao hawajui jina lake. Msimu uliopita yule ng'ombe alizaa, nami nilikuwepo. Mzee alifunga lile fungu kwenye majani, akakataa nimpokee, akashuka nalo taratibu na fimbo yake, kupita kuta na walinzi, hadi mahali ambapo bonde limebaki upana wa uchochoro. Asubuhi alishuka tena kutazama. Alichelewa, nikamfuata. Nilimkuta amesimama juu ya majani yale, yamefungwa vile vile alivyoyafunga, nzi wamejaa.

"Labda wamechelewa," nikamwambia.

Akaniomba nirudi nyumbani nikamletee jembe.