Semina ya Unyumba Katika Ukumbi Wangu

Ukumbi ule nimeujenga kwa jasho la samaki na kahawa, na tangu niufungue hapa Mbinga umeona mambo mengi. Umeona harusi zilizovunjika kabla viti havijarudishwa. Umeona vikao vya chama cha ushirika ambamo watu walitaka kupigana kwa ajili ya mbolea. Lakini sikutegemea kuona watu wazima waliosomeshwa na serikali wakikaa humo toka asubuhi mpaka jioni, wakijifunza namna ya kumuuliza mtu habari za kitandani kwake.

Mimi nimeishia darasa la nne. Nasema mapema ili msomi asidhani najificha. Wenzangu walipokuwa wanakariri mito ya Ulaya, mimi nilikuwa nasukuma baiskeli yenye gunia la usipa, dagaa wa ziwani kwetu, kutoka Nyasa mpaka huku juu. Leo hao waliokariri mito wananiamkia na kuniomba nafasi za kazi kwa watoto wao. Mito ya Ulaya sijui kama bado inatiririka.

Waliokodi ukumbi walikuwa washauri nasaha, yaani wauguzi na matabibu wa zahanati ambao kazi yao ni kukaa faragha na mgonjwa na kumsikiliza shida zake. Mwalimu wao, mama nadhifu aliyetoka Dar es Salaam, aliitwa mwezeshaji. Alinieleza kwamba wagonjwa wengi wana matatizo ya unyumba, ila mshauri anaona aibu kuuliza na mgonjwa anaona aibu kusema, basi wanaongelea malaria.

"Mama," nikamwambia, "huku kwetu watu hawasemi kwa sababu wana adabu."

"Adabu hiyo inaua ndoa, mzee wangu," akajibu, akaendelea kuunganisha nyaya zake.

Nikajifanya sikusikia. Lakini neno lilinichoma kama mwiba wa samaki, kwa sababu ndoa iliyokuwa inakufa wakati ule ilikuwa yangu.

Niseme tu. Hospitali walinikuta na presha, wakanianzishia vidonge. Presha ikashuka, na mengine yakashuka nayo. Sikumwambia mtu, hasa mke wangu. Yeye akajumlisha kwa hesabu zake: mume hanigusi, na kila wiki anashuka Mbamba Bay kununua samaki, basi huko kuna mwanamke. Akahamia chumba walichokuwa wanalala watoto. Kisha akatuma ujumbe kwao Lipingo, kule ziwani, kaka zake waje Jumapili kusikiliza kesi. Kama ningekutwa na hatia, angeondoka nao.

Na mimi nilikuwa nimenyamaza. Mwanamume wa huku akisingiziwa hawara, hukasirika mdomoni na kuchekelea moyoni. Lakini akiambiwa hawezi, hata mbwa wake anamwona tofauti. Kwa hiyo nilikuwa tayari kupoteza mke kwa kosa ambalo sikulifanya, ili mradi sifa ibaki. Huo ndio ulikuwa mpango wangu, na niliuona mzuri.

Basi nikawa nakaa viti vya nyuma ukumbini, eti nasimamia jenereta. Umeme ulikuwepo.

Siku ya kwanza mwezeshaji aliwataka washiriki wataje viungo vya mwili kwa majina yake, kwa sauti, bila kuficha. Kichwa walikitaja vizuri. Kifua wakakitaja. Alipoteremsha kidole kwenye picha chini ya kitovu, ukumbi ukawa kama kanisa wakati wa ekaristi. Sista mmoja akaanza kufuta miwani. Mwezeshaji akasisitiza. Ndipo kijana mmoja akataja kwa Kiingereza, na wote wakafuata wakipaza sauti kama watoto wa chekechea, kwa Kiingereza kitupu, bila haya hata kidogo, kana kwamba viungo vile ni vya Waingereza na sisi tumeazima.

Siku ya pili walifanya maigizo. Mmoja awe mshauri, mwingine awe mgonjwa. Walikuwa wanachekana tu. Mwezeshaji akaja kwangu nyuma.

"Mzee, tunahitaji mtu mzima halisi. Utakuwa mkulima mwenye kisukari aliyegombana na mkewe. Usiseme tatizo mpaka uulizwe."

Nikakubali. Niliombwa mbele za watu, na pia nilitaka kuwaona wakiumbuka kwa karibu.

Wa kwanza alikuwa tabibu kijana mwenye tai.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri."

"Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Kahawa imechanua?"

"Imechanua."

"Na ule ugonjwa wa chulebuni je? Mwaka huu si umesumbua?"

"Tumepiga dawa."

"Ng'ombe?"

"Sina ng'ombe. Nina mbuzi."

Alifurahi kama nimemvuta kutoka majini. Tukaingia kwenye mbuzi, tukawapitia mmoja mmoja pamoja na minyoo yao, mpaka muda ukaisha.

"Umemuuliza nini kuhusu ndoa yake?" mwezeshaji akauliza.

"Nimemuuliza kama mama hajambo."

Mwezeshaji alishika kiuno. Akawaambia kosa lao ni hilo neno baba. Waache ubaba, mbele yao yupo mteja. Wamwite mteja.

Akasimama muuguzi mmoja, binti mwembamba wa upande wa Tingi, ana sauti ya watu waliozoea kuitana ng'ambo ya bonde. Akakaa mbele yangu.

"Habari yako, mteja."

Nilimtazama tu kama ninavyomtazama mtu anayejaribu kuniuzia samaki wa juzi. Bila shikamoo! Mteja! Nimenunua nini kwake?

Binti akanywea. "Samahani baba. Shikamoo."

"Marahaba."

Na hapo tukawa tumerudi kwenye mbuzi. Wote ukumbini walijua. Huku kwetu mtu uliyekwisha kumwita baba humuulizi ya kitandani, iwe una cheti au huna. Ukimuuliza, yeye atakuona umelaaniwa, na wewe mwenyewe utajiona hivyo hivyo. Wale wasomi walikuwa wanaifunga milango ya nyumba kwa heshima, halafu wanashangaa hawaingii.

Binti akainuka ghafla. "Mama, naomba nitoke, niingie upya."

Akatoka nje, mlango ukafungwa. Tukasubiri. Kisha tukasikia mtu anabisha hodi kwa fujo, mlango ukasukumwa, akaingia anatembea kwa maringo, mkono kiunoni.

"Babu! Hujambo mume wangu?"

Ukumbi ulilipuka. Hata sista alijifunika uso na kitabu chake.

Mimi nilikuwa nimenaswa. Mjukuu wa kike ni mke wa babu yake, ndivyo tulivyokuta na ndivyo tutakavyoacha, na utani wao hauna kizuizi. Babu anayekasirika mbele ya utani wa mjukuu anaonekana hana akili. Ilibidi nijibu.

"Sijambo, mke wangu. Umechelewa. Nimezeeka nakungoja."

"Si kosa langu. Kuna yule bibi kizee uliyemng'ang'ania. Hajambo mke mwenzangu?"

"Hajambo. Meno bado anayo."

"Mbona nimemkuta kanuna? Anasema blanketi siku hizi anajifunika peke yake."

"Anasema kweli. Tena ameondoka nalo. Kahamia chumba cha watoto."

"Kakimbia kukoroma, au kuna jingine?"

Hapo nilitakiwa niseme kisukari. Neno lilikuwepo mdomoni kabisa.

"Kuna jingine," nikasema.

Akavuta kiti. Utani ukabaki usoni, lakini sauti aliishusha. "Lipi, babu?"

"Tangu waanze kunipa vidonge vya presha, mimi kitandani ni mgeni. Nalala, naamka, nashukuru kwa malazi. Naye anadhani nguvu nimeziacha Mbamba Bay kwa mwanamke mwingine."

"Na wewe umemwambia nini?"

"Nimenyamaza."

"Kwa nini, babu?"

"Bora aniite malaya kuliko aniite marehemu."

Makofi yalipigwa mpaka popo wangu wakatoka darini. Mwezeshaji alifuta machozi ya kicheko. "Mzee ana kipaji! Kasahau tu kwamba ana kisukari." Kijana wa tai alikuja kunishika mkono, akaniambia ningefaa redioni.

Yule binti hakupiga makofi. Alikuwa ananitazama tu.

Saa ya chakula nilikaa pembeni na sahani yangu. Akaja na yake, akakaa bila kukaribishwa.

"Babu, vidonge bado unameza?"

Ningeweza kumfukuza. Lakini nilikwisha kumkubali ujukuu mbele ya watu, na huwezi kuuvua kama koti ugali ukija.

"Nameza. Nimepanga kuviacha."

"Usiviache. Presha itakuangusha, halafu mke mwenzangu atabaki na blanketi lote."

"Kuna mzee sokoni ana mizizi."

"Mizizi na vidonge vikigombana tumboni mwako, nani atasuluhisha? Daktari anaweza kukubadilishia dawa. Inawezekana ni vidonge, inawezekana ni presha yenyewe, inawezekana ni huko kununiana. Mimi sitajua mpaka mje zahanati wote wawili."

"Wote wawili wa nini?"

"Sasa nimhoji nani? Blanketi?"

Tangu nianze kujitegemea hakuna mtu aliyewahi kunisemesha hivyo akaendelea kula. Yeye aliendelea, tena akachukua kipande cha samaki kwenye sahani yangu.

Nilirudi nyumbani jua bado lipo. Mke wangu alikuwa barazani anachambua maharage. Niliyasema yote kwa mkupuo mmoja, nimesimama, kama mtu anayetangaza msiba. Vidonge. Tangu lini. Kwamba Mbamba Bay hakuna mtu.

Mikono yake ilisimama juu ya ungo.

"Hakuna?"

"Hakuna."

"Hata yule mnene anayekufungia samaki?"

"Yule ana mume na ana mdomo. Ningewezaje vyote viwili?"

Akatupa konzi la maharage uani, kuku wakagombania. "Mimi nimemnyima mkono wa amani kanisani, yule mama wa watu! Msibani, mbele ya jeneza! Nimefunga kwa ajili yako. Nimemwambia padri."

"Umemwambia padri?"

"Ulitaka nimwambie nani? Wewe uliyekuwa ukuta?"

"Ningesemaje sasa?"

"Kama ulivyosema sasa hivi. Imekuchosha?"

Alilia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Nilitegemea neno lile nililoliogopa. Hakulisema. Aliniangalia juu mpaka chini kama anayekagua gunia lililotaka kumdanganya uzito, akaokota ungo wake.

"Na kaka zangu wanakuja Jumapili. Niwaambie mume wangu hana hawara, ana vidonge?"

Nadhani uso wangu ulipiga magoti.

"Basi utatubu," akasema.

"Nitubu nini?"

"Umalaya. Uchague. Uwe malaya aliyetubu, au niwaeleze."

Nilichagua kutubu.

Jumapili walipanda kutoka Lipingo, kaka mkubwa na mdogo wake. Mkubwa ni mzee wa kanisa, Mwanglikana wa kujisikia, anaongea kama anasoma matangazo. Alinisomea kwa muda mrefu. Kwa umri huu, shemeji! Wajukuu wanakuangalia, shemeji! Kisha akasafisha koo.

"Ni kijana, huyo mwanamke?"

"Wastani," nikasema.

Nyuma ya pazia mke wangu alianza kutoa sauti za kukatika. Mdogo akainamisha kichwa kwa huruma. "Unaona unavyomliza dada yetu?" Mimi nilikuwa naona mabega yake kupitia uwazi wa pazia. Hakuwa analia.

Nikatubu. Nimewahi kudai haki yangu mpaka mahakama ya mwanzo, lakini siku ile niliomba msamaha kwa ajili ya mwanamke ambaye hajazaliwa. Dada yao akasamehe haraka mno, wakashangaa, wakala kuku.

Kabla hawajaondoka, mzee wa kanisa akasema anataka kuona mibuni yangu. Tulipofika katikati ya shamba, mbali na masikio, akashika tawi akalichunguza kama bwana shamba.

"Shemeji," akasema taratibu. "Yaliyosemwa yamekwisha. Ila nataka kukuuliza kama mwanamume. Wewe una presha, najua. Na mimi wameniambia ninayo, nameza vidonge. Sasa wewe, na safari zako zote hizo, na huyo wa wastani..." Akatazama nyuma. "Unatumia mizizi gani?"

Ningeweza kumtajia mzizi wowote. Sifa ingeshuka naye mpaka ziwani, ingekaa huko hata baada ya kuzikwa kwangu. Nikamfikiria amesimama sokoni, na presha yake, ananunua mti niliomtungia.

"Hakuna mzizi," nikamwambia. "Wala hakuna mwanamke. Nameza vidonge hivyo hivyo na hali ni hiyo hiyo. Jumanne mimi na dada yako tunakwenda kwa mshauri. Kuna binti anayejua kuuliza. Njoo na mkeo."

Aliliachia tawi, likarudi kwa nguvu.

"Hayupo? Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Alibaki amesimama pale kati ya mibuni, mdomo wazi. Nimeona watu wakisikitishwa na uzinzi. Sijawahi kumwona mzee wa kanisa akivunjwa moyo kiasi kile na uaminifu wa shemeji yake.