Page ya Kwanza ya Album

Nilisoma mpaka deuxième primaire, mwaka ya pili ya masomo, basi. Mambo ingine yote nilijifundisha miye mwenyewe. Hata kusoma nilifundishwa na bitabu ya picha, ile bazungu balikuwa banaacha wakati banahama. Kisha nikaanza kuikusanya na kuichunga. Bantu banacheka: muntu muzima, iko na magazini ya kuuzisha bintu, anachunga bitabu ya batoto! Bacheke. Unilete album yoyote ya ile picha, nitaangalia page ya kwanza tu, na nitakuambia kama ni chapa ya kwanza ao ni ile ya nyuma yenye kujaa kila mahali. Bei iko pale. Ingine ni karatasi.

Wakati ya pillage, bantu banapora muji yote, bintu ya mavilla ya batajiri kule Golf ilikuya huku kwetu Hewa Bora na pousse-pousse, mikokoteni ya kusukuma: frigo, matela, hata milango. Bitabu pia. Lakini mwizi iko na akili yake. Anajua mwenye kitabu anaandikaka jina pa page ya kwanza, basi anapasua ile page mbele ya kuuzisha, juu muntu asikuye kusema: hii ni yangu. Ile wakati nilipata ma-album mingi, yote bila kichwa, maana bila ile page ya kwanza.

Magazini yangu balivunja pia. Feza ilikuwa inakufa asubui na mangaribi, bantu banabadirisha bintu na unga. Kwetu unga ilikuwa karibu kuisha.

Jirani yangu, mama wa kuuzisha kalanga, alikuwa anakunja kornet, ile kifuko ya kutilia kalanga, na karatasi yoyote. Siku moja napita, naona anapasua album. Nikasimama.

— Mama, leta nione.
— Voisin, kuangalia bure hakuna. Kula kalanga kwanza.
— Ulitosha wapi hii?
— Uliza kitabu, itakujibu.

Alikuwa ameanza kupasua kwa nyuma. Page ya kwanza ilikuwa nzima, na jina ya mutoto fulani juu yake na crayon. Chapa ya kwanza. Ile album nilikuwa naitafuta tangu ujana. Nikamupa lundo ya magazeti, tukabadirishana.

— Karatasi kwa karatasi! Voisin, njaa imekupanda ku kichwa.

Nikazunguka avenue yote, natafuta page zenye alikuwa amepasua, naomba kornet kwa kila muntu mwenye kukula kalanga. Chauffeur moja akaniuliza: "Papa, na maganda unataka?" Nikakamata na maganda. Page zote nilizipata, lakini mafuta ilikuwa imeingia.

— Baba batoto, umeleta unga?
— Nimeleta album.

Bibi yangu akaangalia ndani ya chungu. Akarudisha kifuniko pa chungu.

Kulikuwa mwanaume moja wa Sakania, anavusha bintu ku mupaka, na kule iko na bazungu benye kununua album ya zamani. Akafika na sac ya unga ku kinga, ile baisikeli yake. Akafungua album, akanusa.

— Patron, hii mwili imekula kalanga mingi kupita miye. Miili niko nayo kule, nzuri, bila kichwa. Kata ile page, nakuachia sac.
— Utaibandika ku mwili ingine, utasema ni nzima.
— Mwenye atanunua tumbo yake imejaa. Yako?
— Toka kwangu.

Akaanza kufunga sac tena ku kinga, polepole, anajua kazi yake. Bibi yangu alisimama pa mulango. Hakuniangalia miye, aliangalia sac. Batoto nyuma yake, hakuna moja alikuwa anacheza.

Nikaita: "Ongeza samaki ya kukausha." Akaongeza mbili, ndogo.

Nikakamata lame ya kunyolea, nikakata miye mwenyewe, karibu na mushono. Yule mwanaume angepasua na mukono. Akaiweka katikati ya karton mbili na akaenda.

Bibi yangu akapika bukari na ile unga. Nikakula, ilikuwa muzuri.

Ile mwili niko nayo mpaka leo. Bantu banakuya kuniuliza bei ya album yao, kwetu huku na toka mbali. Wakati banatosha moja ya ile chapa, nzima, safi, sisemi bei kwanza. Nafungua pa page ya kwanza, napitisha kidole polepole pa mushono, natafuta gundi.