Mshahara Wangu Katika Akaunti ya Shangazi

Mshahara wangu wa kwanza Birmingham, Uingereza, uliingia katika akaunti ya shangazi yangu. Mimi sikuwa na akaunti, na ghala la Washwood Heath nilikopata kazi ya kupanga mizigo lilitaka namba ya benki upesi. Shangazi akaandika yake. Tangu siku hiyo hatukuibadilisha.

Kwetu haikuwa ajabu. Niliishi kwake mtaa wa Erdington, nikala kwake, naye akanitolea nauli na pesa za kutuma nyumbani. Zilizobaki aliniwekea. Isitoshe, nimepewa jina la baba yake, kwa hiyo ananiita Baba. Nilipoenda Nakuru kuoa, alinikatia tiketi kutoka kwa pesa hizo hizo.

Niliporudi bila mke wangu, nilianza kumwombea visa. Serikali ya huku inataka mume aonyeshe kwamba mapato yake yanatosha. Niliongeza kazi za Jumamosi mpaka yakatosha. Kisha nikapeleka karatasi zangu kwa mshauri wa mambo ya visa, mama mmoja mwenye ofisi ndogo Aston. Alisoma hati za mshahara akiitikia kwa kichwa, ameridhika. Alipofika kwenye taarifa ya benki, akasimama.

“Hii ni akaunti ya nani?”

“Ya shangazi yangu.”

Alivua miwani. Akaniambia lazima mshahara ule ule uonekane ukiingia katika akaunti yenye jina langu, miezi sita mfululizo. Nilimweleza kwamba Shangazi ni mwaminifu sana.

“Najua,” alisema. “Lakini wao hawawezi kuandika hivyo kwenye faili.”

Sikuogopa kungoja. Niliogopa kumwambia Shangazi. Kwetu, kijana akimwambia mlezi wake kwamba sasa anataka pesa zake zipite kwake mwenyewe, ni kama amemwita mwizi. Na mimi maneno hunitoka kwa shida hata ya kuomba chumvi. Siku kadhaa zilipita nikimsaidia jikoni bila kusema kitu. Jumapili, tulipotoka kanisani, nilikuwa namenya viazi akaninyang'anya kisu.

“Baba, viazi vimekukosea nini? Umevimenya mpaka vimekuwa karanga!”

Nilizungumza nikiangalia sufuria. “Shangazi, mshahara wangu... wanataka uingie kwangu.”

“Nani wanataka?”

“Serikali. Ndio mke wangu apewe visa.”

Alipunguza moto. “Kwa hivyo hao watu wanafikiri nakula pesa za babangu?”

“Hapana, Shangazi.”

“Na wewe je?”

“Hapana!”

Neno lilitoka kwa nguvu kuliko nilivyokusudia. Shangazi alinitazama, kisha akacheka mpaka akashika meza. “Kumbe sauti unayo! Nilikuwa namhurumia huyo msichana, nikisema atakuja kuishi na kabati.”

Siku iliyofuata hakwenda kazini kwa wazee anaowatunza. Alinisindikiza benki. Kila swali nililoulizwa, alijibu yeye, mpaka karani akamwomba kwa upole aniache nijibu. Shangazi akaziba mdomo kwa mkoba wake. Nikajibu.

Nilimpigia mke wangu nikamwambia tutangoja miezi sita mingine. Aliuliza swali moja tu.

“Na Shangazi, amekasirika?”

“Hajakasirika.”

“Basi tutangoja.”

Nilimpenda zaidi kwa swali hilo.

Kila mwisho wa mwezi Shangazi alinipokea mlangoni: “Imeingia?” Nami nilimpa pesa za chakula kwa mkono wangu. Mara ya kwanza alikataa. Mara ya pili alizipokea akisema unga umepanda bei. Miezi ilipotimia, yule mama wa Aston alikagua kila karatasi, tukatuma maombi.

Kazini simu hukaa kwenye makabati. Jioni moja nilitoka nikakuta mke wangu amenipigia mara nyingi, na Shangazi pia. Majibu ya visa yangetumwa kwa mke wangu, si kwangu. Nilimpigia: laini ilikuwa bize. Nikampigia Shangazi anieleze kuna nini: bize pia. Nikarudia kwa mke wangu. Bize.

Nilikaa kwenye kituo cha basi nikiwaza mabaya. Halafu nikaelewa kwamba wale wawili walikuwa wanaongea wao kwa wao. Hakuna mtu anayeweza kumpa Shangazi habari mbaya na simu ikadumu muda wote huo, maana yeye akilia hukata simu. Basi langu lilikuja, nikaliacha liende. Nilirudisha simu mfukoni, nikawaacha wamalize.