Mtumbwi wa Bibi na Dalali wa Mahakama

Mwezi uliopita nilirudi kijijini kwetu Ntobeye, na gari likanishusha pale pale kilipokuwa kibanda cha bibi yangu. Siku hizi pana dada mmoja anatuma na kutoa pesa kwa simu, amekaa chini ya mwavuli. Nilisimama na begi langu nikicheka peke yangu, hata akaniuliza kama kuna shida. Shida haikuwapo, ndugu yangu. Nilikuwa nimemkumbuka dalali wa mahakama.

Lakini nianze na wakimbizi. Walipovuka mpaka na kuingia wilayani kwetu nilikuwa darasa la tatu, na kwa mtoto ilikuwa kama sikukuu isiyokwisha. Malori yalipita kutwa, vumbi jekundu likatua hadi kwenye mboga. Gulio la mara moja kwa wiki likawa soko la kila siku. Tulibadilisha ndizi zetu kwa dengu za njano za mgao, na mikebe ya mafuta ya kupikia ikapasuliwa kuwa milango ya mabanda ya kuku. Wakubwa waliona mengine: kuni zilikwisha porini, mbuzi waliibwa, na wageni wenyewe walikuwa watu waliofiwa. Sisi tuliona soko tu.

Bibi alifungua kibanda. Alikopa sukari, chumvi na sabuni kwa mwenye duka la jumla mjini Ngara, akauza, akarudisha, akakopa zaidi. Naye akawakopesha wateja wake wa kambini, maana aliona haya kumnyima sukari mama mwenye mtoto mgongoni. Kisha, ndani ya siku chache, wageni wakarudi kwao. Barabara ilijaa watu wanaotembea, na madeni ya bibi yakatembea nao.

Kukopa harusi, kulipa matanga. Bibi aliuza mbuzi, akauza baiskeli ya marehemu babu, akalipa mpaka likabaki deni dogo, karibu sawa na bei ya mtumbwi mmoja wa pombe ya ndizi. Mtumbwi huo kwetu ni gogo kubwa lililochongwa ndani, la kukamulia ndizi na kuivishia pombe. Babu aliuchonga mwaka aliomwoa bibi, na kibanda kilipokufa, mtumbwi ndio uliobaki kutulisha na kuninunulia madaftari. Mwenye duka akachoka kusubiri, akaenda mahakamani.

Wiki ile tulikuwa tumekamua. Ndizi zilikuwa zimeivia shimoni, tukazimenya, tukazikanda kwa nyasi mpaka maji yake matamu yakatiririka, mikono inanata na nyuki wanatuzunguka. Nililamba vidole mpaka ulimi ukachubuka. Bibi akanyunyiza mtama uliokaangwa na kusagwa, akafunika kwa majani ya mgomba. Nyumbani kwetu pombe ikishafunikwa haifunuliwi mpaka aliyeifunika aseme imeiva. Hata sisi watoto, na utundu wetu wote, hatukuthubutu.

Asubuhi iliyofuata akaja dalali na mwenyekiti wa kijiji. Dalali alikuwa mtu wa mbali, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni. Nilimpa shikamoo, naye akaitikia marahaba kwa upole, jambo lililonichanganya, maana nilitegemea mtu mwenye pembe. Alizunguka nyumba akitafuta cha kuandika: vigoda, sufuria, majembe mawili. Alipofika kwenye mtumbwi akataka kujua kilichomo, na kabla mwenyekiti hajamshika mkono, akafunua majani, akaokota kijiti, akakoroga.

Bibi akakaa chini.

"Baba," akamwambia taratibu, "hiyo ndiyo ilikuwa pesa yako."

Mwenyekiti alimweleza kosa lake, kwamba pombe ikifunuliwa kabla haijaiva huharibika. Akaongeza kwamba hakuna mtu kijijini atakayebeba mtumbwi wenye pombe changa, kwa hiyo avumilie hadi kesho jioni. Pesa ikikosekana, atauchukua. Dalali alikuwa amekuja na baiskeli tu. Akakubali, akaenda kulala kwa mwenyekiti, na nadhani aliona aibu.

Kesho yake bibi alionja, akatema. Nami nikachovya kidole: ilikuwa kali kama ndimu. Bibi alisema hawezi kuwauzia majirani takataka, akaingia ndani kujifunga kitenge chake kizuri ili mtumbwi wa mumewe uondoke kwa heshima. Nililia mpaka kamasi.

Wa kwanza kuingia alikuwa mzee wa ng'ambo ya bonde, rafiki wa babu, mchaguzi wa pombe kuliko wote. Aligombana na kila muuzaji. Akachota kibuyu, akanywa chote, akafuta mdomo.

"Shemeji," akasema, "safari hii umeipatia. Niongezee."

Bibi akamwambia imeharibika. Mzee akajibu kwamba anayekunywa ni yeye, akaweka pesa kwenye bakuli, bei kamili. Nyuma yake waliingia wengine. Mwalimu wangu alikunywa na kuisifu kwa Kiswahili cha darasani. Akina mama wa kanisani, ambao pombe hawaigusi, walinunua madumu mawili, eti ya wageni. Kila aliyekunywa alikunja uso, akameza, akasema ni tamu. Alasiri mtumbwi ulikuwa mtupu.

Dalali akahesabu. Ilipungua kidogo. Akaomba kibuyu chake kwa masalio ya chini, akanywa mpaka machozi yakamlenga, akalipa kilichopungua. Kisha akamwandikia bibi stakabadhi, akapanda baiskeli. Yule mzee wa ng'ambo ya bonde alishinda chooni siku mbili, na hakuwahi kukiri kwa nini.

Bibi hayupo sasa, na wengi wa wanywaji wale wamemfuata. Ugonjwa wa mnyauko uliimaliza migomba. Mimi leo naweza kununua kinywaji chochote ninachotaka. Ila mara nyingine najiuliza, siku mambo yakiniharibikia, ni wangapi watakuja kunywa pombe yangu mbovu, walipe bei kamili, halafu wanidanganye usoni kwamba ni tamu.