Jarida la Denny Raithby

Jarida la Denny Raithby lilizaliwa jikoni kwa Glenys Ockerby, mjini Grimsby, mwaka 1977. Magazeti ya London yalikuwa yakimponda mwanamuziki Denny na gitaa lake, na Glenys hakuwa mtu wa kumeza upuuzi. Mchana alifungasha samaki kiwandani, jioni alipiga taipu. Kurasa zilirudufiwa kwa mashine ya kanisa, iliyomchafua wino kila aliyeigusa. Wasomaji walifika mia nne, wabishi kupindukia. Waliweza kugombana mwaka mzima juu ya gitaa lililopigwa kwenye wimbo mmoja.

Kila ilipofika siku ya kubana kurasa kwa stepla, Bi Ida, mama mzazi wa Denny, alikuja kusaidia. Denny alishahamia Marekani na simu hapigi. Aibu tupu! Mama akawa anapata habari za mwanawe humo humo jaridani, sawa na mgeni yeyote.

Mwaka 1984 msomaji wa kuaminika alipiga simu kutoka Chicago: Denny ana binti wa miaka mitatu. Glenys akakosa raha. Akizichapa habari hizo, Bi Ida angesoma habari za mjukuu wake pamoja na umati. Akizificha, asingezijua kamwe. Akaacha karatasi ya nyongeza, ya kuchomekwa ndani ya jarida, kwenye taipureta, akamngoja Bi Ida aje kubana kurasa.

"Mbona umenuna, mwanangu? Wino umeisha?"

"Keti kwanza, Bi Ida. Denny ana mtoto. Wa kike, ana miaka mitatu."

Bi Ida akaketi, akaanza kubana. Nakala kadhaa alizibana kichwa chini miguu juu.

"Anaitwa nani?"

"Joanna."

"Utaandika?"

"Ukikataa, siandiki. Wale wabishi watatafuta kingine cha kugombania."

"Andika. Jirani yangu Maud analisoma jarida, na unaujua mdomo wake; asijue nimeachwa." Akajifuta vidole. "Ila weka na maneno yangu. Sema bibi yake anasema Joanna ni mtundu, amerithi kwa baba yake."

Glenys hakuwahi kuchapa jambo asilo na hakika nalo. Safari hii akasogea kwenye taipureta.

"Mtundu, au mtundu sana?"

"Sana," alisema Bi Ida. "Na useme Krismasi, walipokuja kwangu, hakutaka kuondoka."

Glenys akaandika hivyo hivyo.