Tope la Bwawa la Okuno

Nagai Sumie alisimama nje ya nyumba ya kina Okuno akiomba moyoni asimkute mtu. Kutoka bandarini hadi pale mlimani ni mwendo wa dakika ishirini, lakini miaka kumi na minane ilikuwa imepita bila yeye kuikanyaga njia ile.

"Nani huyo anayepumua mlangoni kama ng'ombe?" sauti ya Bi Fusa, mjane wa Okuno, ilitoka ndani. "Ingia!"

Pwani nzima ya kisiwa cha Awaji ilimjua Sumie kwa mambo mawili: mwani wake na ulimi wake. Enzi zile, kila majira ya baridi wakulima walikuwa wakifungua mabwawa ya kumwagilia mpunga na kulisukuma tope la chini hadi mtoni, nalo likaishia baharini. Mwaka mmoja tope lilinata kwenye nyavu zake za kuoteshea mwani. Sumie akaenda kwenye mkutano wa mji na chupa ya maji meusi, akaiweka mbele ya Okuno Tetsuji, mkuu wa bwawa. "Kama si uchafu, kunywa basi!" Mzee yule aliinamisha kichwa hadi paji la uso likagusa mkeka. Watu wakampigia Sumie makofi. Tangu siku hiyo bwawa halikufunguliwa tena, naye akawa mtu wa kualikwa shuleni kuwafundisha watoto usafi wa bahari.

Bahari ikatakata kweli. Kisha samaki wakapungua, na mwani ukaanza kupauka. Wataalamu walipopima, walisema bahari ina njaa: chakula chake kilikuwa kikishuka na lile tope la mabwawa. Wavuvi walipoulizana nani apande kwa wakulima kuomba mabwawa yafunguliwe, hakuna aliyemtaja Sumie. Wote walitazama sakafu, na hilo lilimuumiza kuliko kutajwa.

Sasa alipiga magoti mbele ya Bi Fusa, akasogeza kwa mikono miwili pakiti ya mwani uliokaushwa kama karatasi. Bi Fusa alitoa karatasi moja ya mwani, akaielekeza kwenye mwanga wa dirisha.

"Naona mpaka mlima wa pili. Siku hizi unalima mapazia?"

"Ndio wa mwaka huu, Mama. Sina mwingine." Sumie aliweka viganja mkekani. "Nimekuja kuomba radhi. Na kuomba bwawa lifunguliwe kabla ya baridi kwisha. Mwani ukipauka tena mwakani, nusu yetu tunauza mashua."

Bi Fusa alimimina chai taratibu.

"Unajua mume wangu aliniambia nini siku ile aliporudi kutoka mkutanoni?"

"Alinilaani. Alikuwa na haki."

"Angekulaani, ningefurahi. Alisema, 'Yule mama amesema kweli, tunaichafua bahari ya watu.' Akafa akiamini hivyo."

Matusi Sumie angeyavumilia. Kuaminiwa kulimchoma.

"Bwawa tungelifungua hata kesho," Bi Fusa aliendelea. "Nani atapiga sepetu? Wakulima tumebaki saba, na mdogo wetu ana miaka sabini na mbili."

"Tutakuja sisi wavuvi."

"Nyinyi? Mtazama hadi kiunoni!" Alicheka. "Ila radhi usiniombe mimi. Hukunitukana mimi, na mume wangu hukumtukana chumbani, ilikuwa mbele ya watu."

Wiki ya tatu ya Januari wavuvi ishirini walipanda na masepetu yao. Kabla kizibo cha kuzuia maji hakijang'olewa, Sumie alipanda kwenye tuta la bwawa.

"Nilimdhalilisha Mzee Okuno mbele ya watu," alisema. "Nilikuwa sijui, nikasema kama ninayejua. Nanyi mlinipigia makofi, nami nikayafurahia. Nimekosa."

Hakuna aliyepiga makofi. Mvuvi mmoja alikohoa. Wakulima saba waliendelea kukitazama kizibo.

"Umemaliza?" Bi Fusa aliuliza. "Haya, shuka. Siku ni fupi."

Kizibo kiling'oka, maji yakanguruma kuelekea mtoni. Sumie aliingia kwenye tope kabla ya wenzake wote, akalisukuma tope lifuate maji. Adhuhuri waliketi pamoja kwenye tuta, wavuvi kwa wakulima, wakila matonge ya wali na kutaniana kuhusu nani kazama zaidi.

"Sumie! Njoo ule, wewe!" Bi Fusa aliita.

"Nakuja, Mama," alijibu. Lakini aliendelea kupiga sepetu akiwapa mgongo, kwa maana hakujua ataketi wapi, wala atautazamaje uso wa yeyote akiwa na chakula mdomoni.